Faili Zako Zisibaki Saiba: Mwongozo Kamili wa Kutumia Hifadhi ya Mtandaoni kwenye Kompyuta ya Watu Wote

Kwa miaka mitatu nilikuwa mhudumu wa saiba kwenye ghorofa ya kwanza, mtaa wa Tom Mboya. Tulikuwa na mashine 12 na printa moja iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa baridi. Kila jioni kabla ya kushusha mlango nilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyenituma: kufagia folda ya Downloads, mashine moja baada ya nyingine. Jioni moja ya mwisho wa Juni, wakati jiji zima linakimbizana na ritani za KRA, mashine namba 7 ilikuwa na faili 41. Nilisoma majina tu. "ID mbele na nyuma." "Payslip May." "Barua ya wakili." Picha ya ultrasaundi ya mtoto ambaye hajazaliwa. "CV final final 3." Wenyewe walikuwa wameshapanda matatu zamani, na nina hakika wengi wao ukiwauliza wangekwambia faili zao ziko salama, ziko kwenye Drive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Google.

Na kweli zilikuwa salama kwenye Drive. Nakala zake ndizo zilizolala kwangu.

Katika miaka hiyo yote sikuwahi kuona mtu akivunjiwa hifadhi yake ya mtandaoni kwa ujanja wa kompyuta. Nilichokiona ni akaunti zilizoachwa wazi, nakala zilizosahaulika kwenye mashine, na karatasi zilizoharibika zikatupwa kwenye pipa chini ya printa zikiwa na namba ya kitambulisho juu yake. Mwongozo huu unahusu mabaki hayo. Nimeuandikia mtu wa Nairobi anayeingia saiba, maabara ya chuo, maktaba, au anayetumia kompyuta moja na ndugu zake watatu nyumbani.

Nyumbani, kabla hujatoka

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kwenye simu yako ukiwa bado umekaa kitandani. Kanuni yangu ni moja: akaunti yako kuu isiguse kibodi ya saiba. Hiyo ndiyo inayopokea barua za benki, ndiyo yenye picha za watoto, na ndiyo utakayoitumia kurejesha nenosiri la kila kitu kingine ulicho nacho mtandaoni. Kuibeba mjini kwa ajili ya kuprinti ukurasa mmoja ni kama kulibeba kabati zima hadi kwa fundi kwa sababu shati moja limekatika kifungo.

Fungua akaunti ya pili. Mimi huiita akaunti ya safari. Google hukupa GB 15 bure, OneDrive ya Microsoft GB 5, Dropbox GB 2, na hata hiyo ndogo kabisa inatosha vyeti vya ukoo mzima. Ipe nenosiri lake, lisilofanana hata kidogo na la akaunti kuu, na usiitumie kuandikia mtu yeyote.

Siku ya kwenda mjini, fungua Drive kwenye simu ndani ya akaunti kuu, tafuta faili unazozihitaji leo, na uzishiriki na anwani ya akaunti ya safari kwa ruhusa ya kutazama peke yake. Usizinakili. Ukishiriki, faili yenyewe inabaki kwako na mkono wa kuikata uko kwako: hata ukiisahau ile akaunti ya safari ikiwa wazi saiba, unafuta ushirikishaji ukiwa Githurai na aliyekaa kwenye kile kiti haoni kitu tena. Shiriki faili moja moja. Ukishiriki folda nzima, kila utakachokiweka humo wiki ijayo kitaonekana pia upande wa pili, na hilo watu hulisahau.

Kuhusu viungo. Drive hukuuliza ni nani anaruhusiwa kufungua: waliotajwa tu, au yeyote mwenye kiungo. Kwa Kiingereza utaona "Restricted" na "Anyone with the link". Kitambulisho chako kisikae hata dakika moja kwenye hiyo ya pili. Kiungo ni maneno tu. Kikibaki kwenye historia ya kivinjari au kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, kinafunguka kwa kila anayekibonyeza, na hakiulizi nenosiri.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti zote mbili. Ukiwasha, mtu aliyeliiba nenosiri lako bado atahitaji simu yako. Hapa ndipo watu wa mjini hukwama: simu imezima chaji, au bando limekwisha na ule ujumbe wa Google wa kukubali hauji. Msimbo wa SMS hauhitaji bando, unafika bure. Tena Google hukupa misimbo 10 ya akiba yenye tarakimu 8, kila mmoja hutumika mara moja. Andika miwili au mitatu ya akaunti ya safari kwenye kikaratasi, iweke kwenye pochi, na usiandike kando yake ni ya akaunti gani. Simu ikinyakuliwa pale Odeon, kikaratasi hicho kitakuokoa.

Jambo la mwisho la nyumbani, nalo ndilo ninalolipigia debe kuliko yote: skani mwenyewe. Uvujaji mwingi niliouona ulianzia kwenye skana. Mteja ananipa kitambulisho, nakiskani, faili inaangukia kwenye mashine yangu, kisha naituma kwenye barua pepe yake. Yeye ana nakala moja, mimi ninazo mbili: moja kwenye folda ya skana, nyingine kwenye barua zilizotumwa. Hakuna aliyewahi kuniambia nizifute. Programu ya Drive kwenye simu ina kitufe cha kuskani kwa kamera. Weka kitambulisho juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, piga pande zote mbili, na utapata PDF safi ndani ya hifadhi yako bila kupita kwa mhudumu. Ni bure, na mara nyingi inatoka vizuri kuliko skana yetu ilivyokuwa.

Kuchagua kiti

Keti ukiwa umeupa ukuta mgongo. Hilo la macho ya jirani kila mtu analijua. Wasichokijua wengi ni kwamba pale kwenye meza yangu ya mbele nilikuwa na programu ya kuhesabu muda, na ndani yake kulikuwa na ukurasa unaoonyesha skrini zote 12 kama televisheni za mlinzi. Niliwekewa ili nijue nani amekwama au nani anafungua tovuti chafu. Sikuhitaji ruhusa ya mteja kuitazama. Programu za aina hiyo ni za kawaida katika saiba, na hakuna hila utakayofanya kwenye kivinjari itakayoificha skrini yako. Kwa hiyo swali la kwanza unapoketi ni hili: kama mhudumu anaona hiki ninachokifungua sasa, nitajali? Kama jibu ni ndiyo, kifungue kwenye simu.

Pili, fuata waya wa kibodi kwa mkono hadi unapoingia kwenye kompyuta. Ukikuta kijikifaa kidogo kimekaa katikati, kama kiungio kati ya waya na tundu, hama mashine. Vipo vinavyonakili kila herufi unayobonyeza. Zipo pia programu zinazofanya kazi hiyo hiyo, na hizo huwezi kuziona kwa macho. Ndiyo sababu tuliwasha hatua mbili, na ndiyo sababu akaunti kuu ilibaki nyumbani.

Tatu, funga kila dirisha la kivinjari lililoachwa na aliyetangulia. Kila moja. Sababu nitaieleza hapa chini.

Kuingia

Fungua dirisha fiche. Kwenye Chrome na Edge ni Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Dirisha la aina hii halihifadhi historia, na ukilifunga linasahau kwamba uliingia kwenye akaunti. Basi, hapo ndipo nguvu zake zinapokoma. Faili uliyoipakua inabaki. Mwenye mtandao anaweza kujua umetembelea tovuti gani. Na madirisha fiche yote yaliyo wazi kwa wakati mmoja kwenye Chrome hula sahani moja: kama aliyetangulia ameacha lake wazi, wewe ukafungua la pili, mnashiriki kikao kile kile. Nimewahi kumwona kijana akifungua dirisha fiche, akaandika anwani ya Gmail, na mbele yake zikajitokeza barua za mama mmoja aliyekuwa ameondoka saa nzima iliyopita. Kijana alikuwa muungwana, aliniita. Si lazima mwenzake angekuwa hivyo.

Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako. Usibonyeze alama zilizohifadhiwa juu ya kivinjari. Kabla ya kuandika nenosiri, soma anwani iliyo juu neno kwa neno. Ya Google huwa accounts.google.com.

Baada ya hapo utaulizwa maswali matatu au manne, na mashine inatumaini utajibu kwa haraka. Kivinjari kinauliza kama kihifadhi nenosiri: hapana. Microsoft wanauliza kama ubaki ndani: hapana. Google kwenye hatua ya pili huweka kisanduku kinachosema wasikuulize tena kwenye kifaa hiki, na mara nyingi kinakuja kikiwa tayari kimewekwa alama: kiondoe. Ukitumia dirisha la kawaida la Chrome, huenda likakuomba uingie kwenye Chrome yenyewe. Hilo ndilo baya kuliko yote. Ukikubali, alama zako, historia yako na hata maneno ya siri uliyohifadhi kwenye simu vinaweza kufuata nyuma yako hadi kwenye mashine ya saiba, na kutoka kwenye Gmail peke yake hakuviondoi vizuri.

Kufungua na kuprinti bila kupakua

Hatua hii ndiyo ingeipunguza ile orodha ya faili 41 hadi labda tano.

Bonyeza faili ndani ya Drive, OneDrive au Dropbox, itafunguka ndani ya kivinjari. PDF, picha na hati za Word zote husomeka hapo hapo. Unataka kuprinti? Tumia alama ya printa iliyo juu ya ukurasa wa faili, kisha chagua printa ya saiba. Unataka kurekebisha CV? Irekebishe ndani ya Google Docs au Word ya mtandaoni, usiifungue kwa Word iliyowekwa kwenye mashine. Word ya mashine inaweka jina la hati yako kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, na umeme ukipotea katikati ya kazi, jambo ambalo mjini si geni, inaweza kubakiza nakala ya kuokoa ambayo atakayewasha mashine baadaye ataoneshwa na kuulizwa kama anaitaka.

Tabia ya kumtumia mhudumu faili kwa WhatsApp au kwa barua pepe ya saiba ili akuprintie, naijua vizuri kwa sababu nilikuwa yule anayepokea. Ile simu ya saiba ilikuwa na maelfu ya vyeti vya watu. Simu yenyewe ilikuwa ya tajiri, tulipokezana zamu na kijana mwingine, na siku moja iliibwa. Hatukuwa na orodha ya watu wa kuwajulisha. Nikiwa mteja leo, nalipa dakika tano za kukaa kwenye mashine kuliko kutuma kitambulisho kwenye namba ambayo sijui inashikwa na nani. Ikibidi kabisa utume, tumia chaguo la kufuta kwa wote mara karatasi inapotoka, ukiwa umesimama pale pale. Hakuna uhakika kwamba picha haijajihifadhi kwenye galari yao, lakini ni afadhali.

Ukiunganisha WhatsApp yako na kompyuta kwa kuskani ule mraba wa vitone, kumbuka umeipa mashine hiyo mazungumzo yako, na itabaki imeunganishwa hata ukishazima skrini na kwenda zako. Nitalirudia hili mwishoni.

Karatasi zinatoka. Hesabu kurasa. Ile iliyotoka na mstari mweusi katikati, ile iliyokwama ikavutwa kwa mkono, zote ni zako, hata kama hulipii. Zichukue. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na ni kweli ukitaka kazi au mkopo wa HELB lazima utoe vyeti. Ila hakuna mhenga aliyesema uchi huo uuache kwenye pipa la saiba.

Ikikulazimu kupakua

Kuna wakati tovuti unayoijaza, iwe eCitizen au ya mwajiri, inataka faili itoke kwenye mashine yenyewe. Kwanza jaribu kufanya ombi zima kwenye simu. Tovuti nyingi siku hizi zinakubali. Ikigoma, fanya hivi.

Pakua faili moja, ipakie, thibitisha imeingia, kisha ndipo uchukue inayofuata. Ukizipakua zote kwa mpigo utasahau moja. Baada ya kumaliza, fungua folda ya Downloads, ipange kwa tarehe, ziteue zako, bonyeza Shift na Delete kwa pamoja. Delete peke yake huipeleka faili kwenye pipa la taka la kompyuta, na yeyote anaweza kuirudisha kwa mbofyo mmoja. Angalia pia kwenye skrini ya mwanzo, maana baadhi ya saiba hupanga vipakuliwa viangukie huko.

Sasa ukweli mchungu. Hata Shift na Delete haifuti kama moto unavyofuta. Kwenye diski za zamani, za aina zinazozunguka, kompyuta huondoa jina la faili tu na kuacha yaliyomo mpaka nafasi ile iandikwe kitu kingine. Programu za kuokoa faili zipo, nyingine za bure. Mimi mwenyewe nimezitumia kumrudishia mwanafunzi tasnifu yake aliyoifuta kwa bahati mbaya, na pamoja na tasnifu zikafufuka faili za watu wengine kumi ambao hatukuwajua. Ndiyo maana sisitizo langu liko kwenye kutopakua. Kilichokwisha kugusa diski ya saiba, kihesabu kama kilichokutoka mkononi.

Kuinuka kwenye kiti

Fuata mpangilio huu. Nimeupanga hivi kwa sababu watu huanza kwa kufunga dirisha, kisha wanakumbuka hawajafuta faili, kisha mhudumu anawaambia muda umekwisha.

1. Futa vilivyopakuliwa, halafu ondoa yaliyomo kwenye pipa la taka.
2. Toka kwenye kila akaunti kwa kubonyeza picha yako juu kulia na kuchagua "Sign out". Kama uliingia kwenye dirisha la kawaida, chagua pia kuiondoa akaunti kwenye orodha, la sivyo anwani yako ya barua itabaki ikimsubiri anayekuja.
3. Funga madirisha yote ya kivinjari, hata yaliyojificha chini.
4. Bonyeza kitufe cha Windows na V. Kama mashine inatunza vilivyonakiliwa, utaviona vyote hapo, pamoja na ile namba ya akaunti ya benki uliyoinakili ukaibandika. Vifute. Kama haitunzi, nakili neno lolote la kawaida ili lichukue nafasi ya la mwisho.
5. Chomoa flashi yako. Nilikuwa na droo nzima ya flashi zisizo na wenyewe.
6. Fungua kivinjari upya, nenda Gmail. Ikikuomba nenosiri, umetoka kweli.

Usimwachie mhudumu akufungie kwa kuwa una haraka. Muda wako ukikatika kabla hujamaliza, mwombe dakika mbili. Mimi nilikuwa nawapa, na hakuna aliyenilipa zaidi.

Kompyuta ya nyumbani na ya ofisini

Hapa adui ni mazoea, kwa hiyo sitachukua muda mrefu. Kompyuta moja ya familia pale Umoja au Kayole iwe na akaunti ya Windows kwa kila mtu, na nenosiri lake. Ni kazi ya dakika kumi na inamaliza nusu ya ugomvi. Ukiinuka kwenda jikoni, bonyeza Windows na L ili skrini ijifunge.

Tahadhari kubwa ni programu za kusawazisha, zile za OneDrive, Drive na Dropbox zinazokaa kwenye mashine na kuvuta faili zenyewe. Ukiingia na akaunti yako kwenye OneDrive ya kompyuta ya pamoja, inaweza kuanza kubeba kila kilicho kwenye skrini ya mwanzo na folda ya hati na kukipeleka kwenye hifadhi yako, pamoja na vya dada yako. Na vilivyo kwenye hifadhi yako vikashuka kwenye mashine. Baadaye ukiitenganisha akaunti, faili zilizokwisha kushuka hubaki pale pale. Kwenye kompyuta ya kazini ni hivyo hivyo, tena mwajiri ana haki zake juu ya mashine yake. Kwa vya binafsi, tumia kivinjari peke yake.

Vile ambavyo havifai kuonekana na mtu yeyote

Kampuni za hifadhi husimba faili zako kwa fumbo zikiwa njiani na zikiwa zimelala kwao. Lakini ufunguo wanao wao, na mwenye nenosiri lako anafunguliwa mlango kama wewe. Kwa hati za kesi, majibu ya hospitali, au barua za mirathi, ziweke fumbo lako mwenyewe kabla hazijapanda.

Kwenye kompyuta unayoiamini, 7-Zip ni ya bure na inatosha: unateua faili, unachagua muundo wa 7z, unaweka nenosiri refu, na unaweka alama kwenye kisanduku cha kuficha majina ya faili. Usipokiweka, mtu hatafungua faili lakini atasoma kwamba inaitwa "majibu ya vipimo", na hilo pekee linatosha kukuharibia. Inatumia AES-256, aina ya fumbo gumu sana kuvunja, na nenosiri ukilisahau hakuna wa kukusaidia. Kama huna kompyuta yako, Cryptomator ina programu ya simu za Android na iPhone, nayo huweka folda iliyofungwa ndani ya Drive au Dropbox yako.

Ukishafunga, usifungulie saiba. Nimeona mtu akijisifu kwa fumbo lake kisha akaandika nenosiri lake kwenye kibodi yangu na kuitoa faili kwenye Downloads. Fumbo lote liliishia hapo.

Ukishuka matatu ukakumbuka

Umefika Roysambu, moyo unakudunda, hukumbuki kama ulitoka kwenye akaunti. Usirudi mjini. Kwenye simu, fungua mipangilio ya Akaunti ya Google, sehemu ya usalama, halafu vifaa vyako. Utaona kompyuta yenye Windows, mahali na saa. Ibonyeze, itoe. Dropbox ina orodha kama hiyo kwenye mipangilio ya usalama. Microsoft wana chaguo la kukutoa kila mahali, ila wanasema linaweza kuchukua hadi saa 24, kwa hiyo badilisha nenosiri papo hapo. WhatsApp: mipangilio, vifaa vilivyounganishwa, toa kila usichokijua. Kisha rudi kwenye Drive ya akaunti kuu na ufute ushirikishaji ule wa asubuhi. Mimi hufanya hivi kila mara, hata nikiwa na hakika nilitoka.

Ukikuta mtu tayari ameingia, piga picha ya skrini kwanza, ionekane aina ya kifaa, mahali na saa, ndipo umtoe. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni; faini yake hufika shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Na kama ni biashara iliyochezea nakala za vyeti vyako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotokana na haki ya faragha katika ibara ya 31 ya Katiba, inakupa njia ya kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kama kilichovuja ni kitambulisho, kagua na kampuni yako ya simu ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako, na uzime usizozijua. Risiti ya saiba, kama walikupa, usiitupe: ina tarehe, na mara nyingine namba ya mashine.